Bajeti ya nyumbani mtandaoni: njia tano za kuingiza miamala, na funguo ambazo kila njia inadai

Programu za bajeti hufanya kazi ileile ambayo daftari la mapato na matumizi limefanya miaka yote: kuandika kilichoingia, kilichotoka, na kila fungu limebakiwa na kiasi gani. Wengi huzichagua kwa kuangalia michoro, rangi na ada ya mwezi. Sisi tunaanzia kwingine: muamala unafikaje ndani ya programu? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua utatumia dakika ngapi kwa juma, na ndilo linaloamua mwizi atapata nini siku programu ikivamiwa.

Njia ziko tano. Unaipa programu nywila yako ya benki. Unaipa ruhusa ya kusoma tu kupitia benki yenyewe. Unairuhusu isome ujumbe mfupi kwenye simu. Unapakua faili kutoka benki na kuiingiza mwenyewe. Au unaandika kila kitu kwa mkono. Kadiri unavyoshuka kwenye orodha hiyo, kwa jumla kazi yako inaongezeka, lakini hatari haipungui kwa mpangilio huohuo. Njia ya tatu inaonekana nyepesi na isiyo na madhara, kumbe ina shimo ambalo ya pili haina.

Nywila ya benki mikononi mwa mwingine

Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote za kuunganisha. Unaandika jina na nywila ya benki ndani ya programu, kisha kampuni ya kati inaingia kwenye ukurasa wa benki kana kwamba ni wewe, inasoma yaliyopo na kuyanakili. Kwako ni rahisi mno: dakika mbili za mwanzo, basi.

Ubaya wake umo kwenye jinsi inavyofanya kazi. Tovuti iliyotengenezwa vizuri haihifadhi nywila yako. Huhifadhi alama ya kihesabu inayotokana nayo, ambayo haiwezi kugeuzwa kuwa nywila tena. Kampuni ya kati haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu kila inapoingia benki ni lazima ichape nywila yenyewe. Kwa hiyo inalazimika kuiweka katika hali inayoweza kufunguliwa. Akiiba mtu hifadhi hiyo pamoja na ufunguo wake, ameiba nywila kamili za benki za wateja wote.

La pili: nywila haijui tofauti kati ya kuona na kuhamisha. Aliye nayo anaweza yote ambayo benki inakuruhusu wewe ukiwa na nywila hiyo. La tatu: benki haioni kama aliyeingia ni wewe au roboti, na masharti ya benki nyingi yanamkataza mteja kumpa mtu mwingine nywila. Fedha zikipotea, benki ina hoja ya kukataa kukufidia. Na hata wepesi wenyewe si wa kudumu. Benki ikibadilisha ukurasa wake wa kuingilia, au ikianza kudai namba ya uthibitisho kila mara, muunganisho unakatika na miamala ya siku kadhaa haiingii. Ukitaka kuiondolea kampuni hiyo uwezo wa kuingia, njia ya uhakika ni moja tu: kubadilisha nywila ya benki.

Hatuna familia ambayo tungeishauri njia hii. Kama programu haina njia nyingine zaidi ya hii, tumia faili au mkono.

Ruhusa ya kusoma tu

Hapa programu haigusi nywila. Inakupeleka kwenye ukurasa au programu ya benki yako, unaingia huko, benki inakuuliza ni akaunti zipi unataka zionekane, ukikubali, benki inaipa programu tokeni, yaani ufunguo mdogo unaofungua kuona tu, kwa muda maalumu, na unaoweza kufutwa bila kugusa nywila yako.

Umoja wa Ulaya uliiwekea njia hii sheria mwaka 2015 kupitia maelekezo yanayojulikana kama PSD2, ambayo yalianza kutumika Januari 2018. Kampuni inayosoma akaunti za watu lazima iwe imesajiliwa na msimamizi wa sekta ya fedha, na usajili wa kusoma umetenganishwa na leseni ya kuanzisha malipo. Uingereza ilizilazimisha benki zake tisa kubwa kufungua milango ya aina hiyo, nayo ilianza kufunguliwa Januari 2018. Penye sheria kama hizi, jina la kampuni hukaa kwenye daftari la umma la msimamizi, na kulitafuta huko huchukua dakika tatu. Lisipokuwepo, wala la kampuni ya kati ambayo programu inaitumia halimo, acha. Pasipo na sheria ya aina hiyo, neno "salama" kwenye tangazo la programu halina wa kulisimamia.

Unapokubali, kuna mambo manne ya kusoma kabla ya kubonyeza. Anwani juu ya kivinjari iwe ya benki yako, herufi kwa herufi. Maneno ya ombi yataje kuona salio na miamala. Likitajwa neno malipo, rudi nyuma. Akaunti zisiwe zimechaguliwa zote kwa pamoja. Ondoa alama kwenye zile zisizohusika. Na tarehe ya mwisho wa ruhusa iwepo.

Hapo kwenye kuchagua akaunti ndipo tunapoona mahali pazuri pa kukutanisha wepesi na usalama, na ajabu ni kwamba wengi wanapapita mbio. Akaunti ya akiba ina miamala miwili au mitatu kwa mwezi. Kuiunganisha hakukuokolei hata dakika moja, lakini kunamwonyesha mgeni fedha zako zote. Unganisha akaunti ya matumizi ya kila siku peke yake, kisha andika salio la akiba kwa mkono mara moja kwa mwezi. Umepata karibu wepesi wote, na umeficha kilicho kikubwa.

Matatizo yake ya kawaida ni haya. Ruhusa huisha: Ulaya kipindi cha kuithibitisha upya kilikuwa siku 90, kikaongezwa kuwa 180 kuanzia Julai 2023. Usipoihuisha kwa wakati, programu inaendelea kuonyesha salio la zamani kana kwamba ni la leo, nawe unatumia fedha ambazo hazipo. Kwa hiyo angalia tarehe ya usomaji wa mwisho kabla ya kuliamini salio. Muamala wa kadi huweza kuingia mara mbili, kwanza ukiwa bado unasubiri kukamilika, kisha ukiwa umekamilika kwa kiasi tofauti kidogo. Uhamisho kati ya akaunti zako mwenyewe huhesabiwa kama matumizi upande mmoja na mapato upande wa pili, na mwezi mzima unaonekana wa neema. Utambuzi wa mafungu nao hukosea kwa duka linalouza vitu vingi, maana programu huona jina la duka, haioni ulichonunua. Kagua kila juma.

Ruhusa ya kusoma inazuia fedha kuhamishwa. Haizuii maisha yako kusomwa. Orodha ya miamala inasema unapotibiwa, unaposali, unaposafiri, unayemtumia fedha na tarehe gani mshahara unaingia. Kampuni nyingi hujitetea kwamba data wanayoitoa imeondolewa majina. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa kutoka chuo cha MIT walichunguza kumbukumbu za kadi za watu milioni 1.1 kwa miezi mitatu, zisizo na majina. Walipojua manunuzi manne tu ya mtu, mahali na siku yalipofanyika, waliweza kumtofautisha na wengine wote kwa asilimia 90 ya watu. Kwa hiyo tunapendekeza usome sera ya faragha ukitafuta jambo moja hasa: je, wanaitoa data kwa wengine, hata ikiwa "bila majina"? Ikiwa ndiyo, ihesabu kama inatolewa na jina lako.

Kampuni za kati nazo zina historia. Plaid ya Marekani, inayounganisha programu na benki, ilishtakiwa kwa madai ya kukusanya data kuliko ilivyohitajika na kuwaonyesha watu kurasa za kuingilia zinazofanana na za benki zao. Ilikana kosa, lakini ilikubali kulipa dola milioni 58 kumaliza kesi hiyo, na mahakama ikaidhinisha mwaka 2022. Ndiyo maana tumesema anwani ya ukurasa isomwe herufi kwa herufi.

Programu inayosoma ujumbe mfupi

Pale ambapo kila malipo huleta ujumbe kwenye simu, programu zinazosoma ujumbe huo na kuugeuza kuwa mistari ya bajeti zinavutia sana. Hazihitaji nywila, hazihitaji mapatano na benki, na hazikosi muamala maadam ujumbe umefika.

Shimo lenyewe ni hili. Kwenye Android ruhusa ya kusoma ujumbe haichagui mtumaji. Ukiitoa, programu inaweza kusoma ujumbe wa benki, wa familia, na namba za uthibitisho zinazotumwa unapoingia kwenye akaunti au unapolipa. Namba hizo ndizo kufuli la pili la karibu kila kitu ulicho nacho. Programu yenye nia mbaya, au njema lakini iliyovamiwa, inazipata papo hapo. Google ilibana ruhusa hii kwenye duka lake kuanzia 2018 na kubakiza aina chache za programu zinazoweza kuiomba, zikiwemo za usimamizi wa fedha kupitia ujumbe. Programu iliyopakuliwa nje ya duka haikupita kwenye chujio hilo. Simu za iPhone haziruhusu programu ya nje kusoma sanduku la ujumbe kabisa.

Kuna njia ya kati inayofanya kazi vizuri: acha ruhusa hiyo imefungwa, na tumia programu inayokuwezesha kunakili ujumbe mmoja na kuubandika ndani yake. Unagusa mara tatu kwa kila muamala, na programu inaona ulichoichagulia tu. Ukiamua kutoa ruhusa nzima licha ya hayo, kwanza hamisha uthibitisho wa barua pepe na akaunti zako muhimu kutoka ujumbe mfupi kwenda programu ya kuzalisha namba za uthibitisho ndani ya simu yenyewe. Ukishafanya hivyo, ujumbe unaosomwa hauna ufunguo wa akaunti hizo.

Faili unayoipakua mwenyewe

Unaingia benki mwenyewe, unapakua taarifa ya akaunti ya juma au mwezi, unaiingiza kwenye programu. Hakuna anayebaki na uwezo wowote juu ya akaunti yako baada ya hapo. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia inayowafaa wengi zaidi, ila inawashinda watu kwa vitu vidogo vidogo, ambavyo vinatibika.

Ukipewa kuchagua aina ya faili, chukua OFX, iliyotengenezwa kwa ajili ya miamala ya fedha, badala ya CSV, ambayo ni jedwali la maandishi. Ndani ya OFX kila muamala una namba yake ya pekee, hivyo ukiingiza juma lilelile mara mbili programu inatambua na kuruka yaliyopo. CSV ni mistari mitupu isiyo na namba hiyo. Siku za faili mbili zikiingiliana unapata marudio. Dawa yake ni kupakua kwa vipindi visivyogusana, tuseme kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na kuruhusu siku mbili zipite kabla ya kupakua ili miamala ya kadi iwe imekamilika.

Mara ya kwanza kuingiza CSV, hakiki mambo matatu kwenye mistari mitano ya juu. Tarehe: 03/04 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Kosa hili halionekani mpaka siku ya 13 ya mwezi, ambapo programu inakataa mstari. Alama ya desimali: benki nyingine hutumia mkato badala ya nukta, na 12,50 inageuka 1,250. Upande wa fedha: benki nyingine huweka matumizi kwa alama ya kutoa, nyingine huweka safu mbili, ya kuingia na ya kutoka. Programu nyingi hukumbuka mpangilio ukiuweka sawa mara moja.

Usiifungue CSV kwa Excel na kuihifadhi kabla ya kuiingiza. Excel hutupa sifuri za mwanzo, na namba ndefu huzitunza kwa tarakimu 15 tu, hivyo namba ya kumbukumbu ya muamala yenye tarakimu 18 inaharibika kimya kimya.

Kisha kuna faili yenyewe. Inabaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa, na kama folda hiyo inanakiliwa kwenye hifadhi ya wingu, inabaki na huko pia. Baada ya kuingiza, ifute, kisha uitoe na kwenye kapu la takataka. Na kama benki yako inatoa PDF peke yake, usiipeleke kwenye tovuti za bure za kugeuza PDF kuwa jedwali. Umekwepa kampuni yenye leseni, halafu unaipa taarifa yako nzima, yenye jina, anwani na namba ya akaunti, tovuti usiyoijua mwenyewe wake. Kazi hiyo ifanyike kwenye kompyuta yako, au andika kwa mkono.

Kwa mkono

Hesabu kwanza. Familia yenye miamala 80 kwa mwezi, sekunde 20 kwa kila mmoja, inatumia sekunde 1,600, yaani dakika 27 kwa mwezi. Haifiki dakika 7 kwa juma. Miamala 200 ni dakika 67 kwa mwezi. Tunaliweka wazi hili kwa sababu matangazo ya programu hulinganisha uandishi wa mkono na sifuri. Muunganisho si sifuri: ukaguzi wa mafungu na marudio tulioutaja unakula dakika tano kwa juma, na asiyeukagua hana bajeti, ana picha tu. Pengo la wepesi ni dogo kuliko linavyosemwa, na pengo la usalama ni kubwa kuliko linavyosemwa.

Mkono pia ndio unaonasa fedha taslimu, ambazo benki haizioni. Udhaifu wake ni kusahau na kukosea tarakimu, kwa hiyo linganisha salio la programu na la benki kila juma. Yasipolingana, angalia tofauti. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, huenda umepindua tarakimu mbili: umeandika 540 badala ya 450, tofauti 90. Ikiwa nusu ya tofauti ni sawa na kiasi cha muamala fulani, huenda huo umeuandika upande usio wake. Ikilingana na muamala mmoja kamili, umeusahau au umeuandika mara mbili.

Hapa chini tumeziweka njia zote bega kwa bega. Dakika ni makadirio yetu kwa miamala 80 kwa mwezi, ukaguzi ukiwemo.

| Njia | Dakika kwa juma | Mwingine anabaki na nini | Unaikataje |
|---|---|---|---|
| Nywila ya benki | 5, na zaidi ikikatika | Uwezo wote wa nywila | Kubadilisha nywila |
| Ruhusa ya kusoma | 5 | Historia ya akaunti ulizochagua | Kufuta ruhusa ndani ya benki |
| Kusoma ujumbe | 5 | Ujumbe wote, na namba za uthibitisho | Kufunga ruhusa kwenye simu |
| Faili | 10 hadi 12 | Ulichokiingiza tu | Hakuna cha kukata |
| Mkono | 12 | Ulichokiandika tu | Hakuna cha kukata |

Data inalala wapi

Kuingia ni upande mmoja. Upande wa pili ni mahali hesabu zinapokaa. Karibu kila kampuni huandika kwamba data yako imesimbwa kwa njia fiche ikisafiri na ikiwa imehifadhiwa. Ni kweli, na haitoshi, kwa sababu ufunguo wa kuisimbua wanao wao. Kipimo ni rahisi: ukisahau nywila ya programu, je, wanaweza kukutumia kiungo kwa barua pepe na ukakuta hesabu zako zote zipo? Wakiweza, wanaweza kuzisoma, na aliyewavamia ataweza pia.

Usimbaji wa mwanzo hadi mwisho hufunga data kwenye kifaa chako kabla haijatoka. Actual Budget, programu ya bajeti ambayo msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2022, ina chaguo hilo. Lazima uliwashe mwenyewe, halijiwashi. Gharama yake ni kwamba ukipoteza ufunguo, nakala iliyo kwenye seva haifunguki tena. GnuCash, iliyopo tangu 1998, hukaa kwenye kompyuta yako bila seva ya mtu. Ni imara na inasoma faili za OFX, CSV na QIF (aina nyingine ya faili za miamala), lakini haisimbi faili zake. Kompyuta ikiibwa, hesabu zimeibwa, isipokuwa diski nzima imesimbwa: BitLocker kwenye Windows, FileVault kwenye Mac, LUKS kwenye Linux. Firefly III inakutaka uendeshe seva yako mwenyewe. Tungependa kuisifu zaidi ya hapa, ila seva ya nyumbani iliyofunguliwa kwa intaneti nzima na isiyosasishwa ni mlango mbovu kuliko wa kampuni yenye wahandisi. Iweke ndani ya mtandao wa nyumbani, uifikie kwa VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao huo ukiwa nje, au usiiweke kabisa.

Lahajedwali ni chaguo la wengi, na lina mitego yake miwili. Kwenye Google Sheets, mpangilio wa "yeyote mwenye kiungo" unaifungua bajeti kwa kila ambaye kiungo kitamfikia; shirikisha kwa anwani ya barua pepe ya mtu badala yake. Kwenye Excel, kuna nywila ya kulinda karatasi na nywila ya kufungua faili. Ya kwanza haisimbi chochote, huzuia tu kuhariri, na mtu mwenye ujuzi mdogo huiondoa kwa dakika chache. Ya pili husimba faili kweli. LibreOffice nayo husimba kwa AES-256, njia imara ya usimbaji, ukichagua kuhifadhi kwa nywila.

Kampuni pia hufa. Mint, programu ya bajeti ya Marekani, ilianza 2007, ikanunuliwa na kampuni ya Intuit mwaka 2009 kwa dola milioni 170, ikatumiwa na mamilioni, na ikafungwa Machi 2024. Waliokuwa na historia ya miaka mingi walipaswa kuihamisha au kuiacha. Kwa hiyo kabla ya kujiunga popote, ingiza miamala kumi ya majaribio, itoe kama CSV, na uone kama mafungu na maelezo yametoka nayo. Programu isiyotoa faili nzima ni chumba kisicho na mlango wa nyuma.

Ulinzi usiokugharimu wepesi

Si kila usalama unakula muda. Namba kamili ya akaunti haina kazi kwenye bajeti. Andika "Matumizi" na "Akiba", au tarakimu nne za mwisho. Usiweke PIN wala nywila kwenye sehemu ya maelezo. Zima arifa zinazoonyesha salio simu ikiwa imefungwa. Kila mtu wa nyumbani awe na jina lake la kuingilia badala ya kushirikiana moja, ili akiondoka mmoja umwondoe bila kubadilisha kila kitu.

Barua pepe ndiyo ufunguo mkuu, kwa sababu kila nywila nyingine hurejeshwa kupitia hiyo. Ilinde kabla ya programu ya bajeti. Namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi ni bora kuliko kutokuwa nazo, lakini tapeli anayeihamishia laini yako kwenye kadi yake ya simu anazipata yeye. Programu ya kuzalisha namba, tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, haitegemei laini. Ufunguo wa siri wa kifaa (passkey), unaofunguka kwa alama ya kidole au uso, ni bora kuliko yote mawili: umefungwa kwenye anwani halisi ya tovuti, na ukurasa bandia hauwezi kuuomba hata kama macho yako yamedanganyika. Zaidi ya hayo ni mwepesi kuliko kuchapa nywila. Chapisha misimbo ya kurejesha akaunti na uiweke pamoja na vyeti vyako.

Kwa nywila unayolazimika kuikumbuka, rusha dadu mara tano kwa kila neno na uchague kutoka orodha ya maneno 7,776. Maneno sita yanatoa nguvu ya biti 77 hivi (kipimo cha ugumu wa kuikisia), na yanakaririka kuliko herufi nane zilizochanganywa. Dadu ndiyo ichague, usichague wewe. Sentensi ya wimbo au methali inakisiwa.

Nani achukue ipi

Miamala isiyozidi 80 kwa mwezi: andika kwa mkono, kwenye programu iliyo kifaani au lahajedwali lenye nywila ya kufungua. Kati ya 80 na 200: faili ya kila juma, OFX ikiwezekana. Zaidi ya hapo, au kaya yenye benki tatu na watu wawili wanaotumia kwa pamoja: ruhusa ya kusoma, mahali penye sheria inayoisimamia, kwa akaunti za matumizi tu. Mwenye kazi au hali ambayo kujulikana anakonunua kunaweza kumletea madhara, pamoja na aliyetengana na mtu aliyekuwa akizisimamia fedha zake, asiunganishe hata akiwa na miamala 300. Atumie faili na kifaa chake peke yake.

Ukiihama programu iliyounganishwa, fuata mpangilio huu. Toa faili ya historia nzima, ifungue, na ulinganishe jumla ya mwezi mmoja na ile iliyo kwenye programu. Kisha ingia benki, kwenye ukurasa wa ruhusa za watu wengine, na uifute tokeni hapo. Ndipo uiombe kampuni ifute akaunti na data, kwa maandishi, ukihifadhi jibu. Programu yenyewe kwenye simu iondoe mwisho kabisa, kwa sababu kuiondoa peke yake hakufuti ruhusa: tokeni inabaki hai kwenye seva zao, na akaunti yako inaweza kuendelea kusomwa mpaka siku ruhusa itakapoisha.